Masikio Yaliyotangulia

Ujumbe ulinikuta Rau, Moshi, nimeketi barazani namenya ndizi za mtori. Uliandikwa na binti mmoja wa Masama ambaye sijawahi kumtaja katika safu hii: "Dada, bibi ametutoka alfajiri. Alikuwa usingizini. Tunazika Jumamosi. Njoo mapema, njia ni tope tupu." Niliusoma, nikaweka kisu chini, na jambo la kwanza lililonijia halikuwa sura yake wala sauti yake. Lilikuwa swali, na naliandika hapa nikijua kwamba baadhi yenu mtalicheka: mauti yalijuaje? Nani aliyeyaambia kwamba bibi huyu haitwi kwa nyuma, kwamba anayemtaka lazima azunguke, asimame mbele yake penye mwanga, ainue uso na kuiacha midomo yake ionekane? Sisi wengine ilibidi tufundishwe. Tulifundishwa hadharani, siku ya Jumapili, jogoo akiwa shahidi. Lakini naona nimeanza kusimulia kutoka mkiani.

Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane, mwenye kihamba chake cha migomba na kahawa kwenye mteremko wa Masama, pale ambapo mlima uko karibu kiasi kwamba hauonekani. Unachokiona ni ukungu unaoshuka alasiri na kusimama kati ya migomba kama mgeni ambaye hajakaribishwa ndani. Hakuwa ndugu yangu. Shangazi yangu aliolewa jirani naye, na mwaka ule nilipanda kwa shangazi nikiwa na riwaya iliyonishinda mjini, nikitumaini kwamba huko juu, kwenye mvua na ng'ombe tu, itakubali kuisha. Siku niliyofika shangazi alinipakulia machalari ya ndizi, akaniwekea kikombe cha maziwa, kisha akanipa sharti kabla sijainua kijiko. Maziwa nitakunywa ya hapo hapo nyumbani. Ya mwalimu wa kule juu hayanywewi siku hizi. Nikamuuliza yana nini. "Hayana kitu," akasema. "Mimi siamini uchawi, mwanangu, mimi ni mtu wa kwaya. Ila maziwa yake sinywi."

Kisa chenyewe alinisimulia kwa sauti ya chini, ingawa jikoni tulikuwa wawili tu. Kulikuwa na baba mmoja, jirani wa shangazi na wa mwalimu, aliyepelekwa hospitali mjini asirudi. Habari ilipofika, binti yake, huyu huyu aliyeniandikia ujumbe, alitumwa kupita nyumba kwa nyumba. Kwa mwalimu alifika ukungu umeshashuka. Alimkuta anakata majani ya ng'ombe chini ya migomba. Akasimama pembeni kidogo, akainamisha kichwa kama alivyolelewa kufanya mbele ya mtu mzima, akasema: "Bibi, baba amefariki." Mwalimu akajinyoosha, akatabasamu uso mzima. "Marahaba, mwanangu. Baba hajambo?" Mtoto akadhani anaota. Akarudia, safari hii uso wote umezama kwenye kanga: amefariki, bibi, amefariki. Na yule mama, bado anatabasamu, akasema, "Vizuri. Msalimie sana." Kisha akainama, akaendelea kukata majani.

Msalimie. Neno hilo lilizunguka kitongoji kizima kabla jeneza halijapanda kutoka mjini. Watu walilibeba kama mtu anavyobeba kaa la moto, kila mmoja akimrushia mwenzake upesi. Wakasema alijua kabla ya kuambiwa, ndiyo maana hakushtuka. Wakasema anayemtumia maiti salamu ana njia ya kuzifikisha. Wakakumbuka kwamba marehemu aliwahi kuteta naye juu ya mpaka, jambo ambalo kila mtu pale amewahi kuteta na kila mtu. Siku ya mazishi alifika kama jirani, akakaa, na benchi alilokalia likawa lake peke yake. Baada ya hapo mambo yaliongezeka yenyewe. Ukimwita njiani, hageuki. Ukigonga mlango wake, yuko ndani, unamwona kwa dirisha, na haji kufungua. Na ukungu ukishuka huenda kusimama kwenye mfongo, mfereji wa zamani uliochimbwa na mababu kuteremsha maji ya mlimani hadi vihambani, mfongo ambao ulikauka kabla mimi sijazaliwa. Anasimama hapo, ameinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza maneno kutoka chini ya ardhi. "Nani anaongea naye huko?" shangazi akaniuliza, na mimi mwandishi wa riwaya, mtu wa kubuni mambo, sikuwa na la kubuni.

Nilimwona kwa macho yangu alasiri ya siku chache baadaye. Nilikuwa nimetoka kutembea kwa sababu sura ya mwisho ilikuwa imenikalia kooni, na ukungu ulinikuta njiani. Kwanza niliona gambuti, kisha kitenge, kisha mgongo. Alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mfongo, kichwa kimelala bega la kulia. Adabu ikautangulia woga. "Shikamoo, mama." Hakugeuka. Nikasema tena kwa nguvu. Nikasogea, nikakanyaga jani kavu la mgomba likapasuka kwa sauti kubwa, kiasi kwamba ndege aliyekuwa juu yetu aliruka. Yeye hakutikisika hata ukosi. Nikaita mara nyingine, na sauti yangu ikaniishia mdomoni, maana nilikumbuka yale yote niliyoambiwa jikoni, na nikaona kwamba lililo mbele yangu huenda limevaa tu kitenge cha mtu. Hapo ndipo, bila sababu yoyote, akageuka mwenyewe.

"Marahaba, mwanangu," akasema, anatabasamu.

Nilikuwa nimefunga mdomo. Salamu zangu zilikwisha kitambo na hakuna hata moja aliyoijibu. Sasa alikuwa anajibu ile ambayo sikuitoa. Akaniuliza habari za nyumbani. Sikuweza kujibu. "Nzuri," akasema yeye kwa niaba yangu, kama aliyenisikia. "Na shangazi hajambo?" Nilibaki namtazama. "Haya, vizuri. Msalimie." Nawaambia ukweli, wasomaji wangu, niliposikia neno hilo likitoka kwenye mdomo ule, nilirudi nyuma hatua nzima. Alikuwa amezungumza na mtu asiyesema neno, mazungumzo kamili, yenye mwanzo na mwisho, na kila kitu kilikuwa mahali pake isipokuwa mimi. Kisha ukungu ukapungua kidogo kati yetu, macho yake yakashuka kutoka kwenye macho yangu hadi kwenye midomo yangu, na tabasamu likamwondoka polepole.

"Hujaongea," akasema.

Nikatikisa kichwa.

Halafu akaonyesha mfongo kwa kidole, akauliza swali ambalo baadaye nilikuja kujua kwamba alilibeba muda mrefu bila kuwa na mtu wa kumpa. "Unasikia maji?" Nikatega sikio, kisha nikatazama chini: majani makavu, mfuko wa plastiki, kandambili moja ya mtoto. Nikamwambia hapana, mama, huu mfongo hauna maji. Hakunielewa mpaka niliporudia nikimtazama. Akashusha pumzi ndefu. "Ndivyo nilivyodhani," akasema. "Basi yako kwangu tu."

Tulikaa ukingoni, na akanieleza, akiongea kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika, kama wanavyoongea watu wasiojisikia. Ilianza asubuhi moja alipoamka akasikia maji yanapita. Alifurahi. Alidhani wazee wa mfongo wameuzibua kule juu bila kutangaza, akavaa gambuti, akachukua jembe kwenda kufungulia zamu yake migombani. Akakuta mfereji mkavu, na maji yanaendelea kupita. Tangu siku hiyo hayajakoma. Kadiri maji yalivyoongezeka, watu walipungua: kwanza kengele ya kanisa, kisha redio, kisha ng'ombe, kisha sisi. Alijifunza kusoma midomo bila kumwambia mtu kwamba anajifunza. Alishuka Moshi mara moja kupimwa, akaaga majirani kwamba anakwenda kununua pumba. Daktari alimpima, akaigeukia kompyuta, akamweleza kila kitu kwa makini sana huku akiitazama kompyuta hiyo. "Nikamwambia asante, daktari. Nikarudi na pumba."

Nilimuuliza kwa nini hajamwambia mtu. Alikuwa na jibu tayari, nalo lilikuwa mtoto wake wa kiume aliyeko Dar es Salaam, mtoto mwema, ambaye tangu baba yake azikwe humwambia kila anapopanda: mama, siku utakayoanza kushindwa, nakuja na gari. "Nikimwambia jirani," akasema, "jioni Dar wanajua." Akainua mkono, akanionyesha kihamba chake, ingawa kwenye ukungu ule kilichoonekana ni mashina machache tu. Humo amelala mume wake, na mama mkwe aliyemfundisha kupogoa kahawa, na mtoto wake wa kwanza aliyeishi siku chache. Dar angewekwa ghorofani. Na haikuwa ghorofa tu. "Midomo ya hapa naijua," akasema. "Huyu ana pengo, yule anatafuna maneno, shangazi yako anaongea kama anapuliza chai. Midomo ya Dar inakimbia. Kule nitakuwa kiziwi. Hapa bado ni mimi."

Hapo ndipo ilipokuwa zamu yangu kusema. Nilikuwa nimeshaelewa kilichotokea siku ile alipokuja yule binti, na nikaona kwamba katika kitongoji kizima mtu pekee asiyekijua kisa hicho ni yeye mwenyewe. Alijua tu kwamba maziwa yake yanarudi na kwamba watoto wanamkwepa. Alidhani ni kwa sababu amezeeka. Nilimtazama usoni, nikamwambia taratibu kila neno: alivyokuja mtoto, alichosema, alichojibiwa. Nilipofika kwenye salamu, alinishika mkono nirudie, maana hakuwa na hakika kama amesoma sawasawa. Nikarudia. "Nilimwambia amsalimie?" akauliza. Kisha akasema, si kwangu, "Na mtoto alikuwa amesimama pale, analia."

Nimeifikiria sana lugha yetu tangu alasiri ile. Tunajivunia salamu zetu, na kwa haki. Lakini hebu zitazameni kwa macho ya mtu asiyesikia. Shikamoo, marahaba. Hujambo, sijambo. Za nyumbani, nzuri. Salamu zetu ni nyumba ambayo kila mtu anaijua milango yake hata gizani, na mtu anaweza kuishi humo miaka na miaka bila kusikia neno hata moja na bila mwenye nyumba kugundua. Hatusikilizani, tunapokezana. Na adabu ndiyo iliyomfungia mlango wa nje: mtoto mwenye malezi mema huinamisha kichwa mbele ya mzee, na akiinamisha kichwa anauficha mdomo. Yule binti angekuwa mtovu wa nidhamu, angemkazia macho bibi yake akapayuka, na kisa hiki kisingekuwepo. Ni heshima iliyowakosanisha. Katika mji wangu sasa nawatazama watu wakisalimiana huku macho yako kwenye simu, "poa," "poa," wamepita, na najiuliza ni wangapi kati yao wanaosikia maji.

Zilifuata siku ambazo riwaya yangu ililala, na mimi nilipanda kwake karibu kila asubuhi tukitafuta namna ya kusema. Kusema alishaamua; alichokuwa hajakijua ni maneno. Mimi, kwa ujana wangu, nilipendekeza mchungaji atangaze kwenye matangazo ya ibada. Akakataa. "Mchungaji akisema, nitakuwa mgonjwa wa kuombewa. Nataka nibaki mtu wa kuongea naye." Nikapendekeza neno: kiziwi. Akalikataa nalo, na hapo nilikutana na mwalimu aliyekuwa ndani ya ajuza yule. Alinikumbusha kwamba amefundisha ngeli maisha yake yote. Kiziwi, kipofu, kiwete: sarufi inawahesabu pamoja na watu, lakini vazi waliloshonewa ni la kiti na kisu na kikapu. "Nimelitamka darasani mara nyingi," akasema. "Wewe, kiziwi? Nilikuwa nawaambia watoto wasiosikiliza. Sasa limenirudia, linabisha hodi, na mimi silisikii." Akacheka peke yake. Mimi sikucheka, nilikuwa naogopa kwa ajili yake. Akisema, gari litakuja kutoka Dar. Asiposema, atazeeka ndani ya kitongoji kinachomwogopa, na yule binti atakua akiamini kwamba aliwahi kupeleka salamu kutoka kwa mchawi hadi kwa baba yake.

Jumapili aliyoichagua hakuniambia. Ibada ilikwisha, watu wakamwagika uwanjani kwenye mnada, ambako mikungu ya ndizi, mayai na kuku walioletwa kama sadaka hunadiwa. Mzee wa kanisa mwenye ulimi mtamu kuliko wote alikuwa amemshika jogoo mwekundu, anawaapia watu kwamba jogoo huyo anaijua saa ya ibada kuliko mchungaji. Watu wanacheka, mchungaji naye anacheka kiungwana. Mkono ukainuka nyuma. "Haya, kuna mama kule ameongeza," mzee akashangilia kabla hajaona ni nani, "nani anampita huyo mama?" Watu wakageuka, na kicheko kikazimika kwa mstari, kutoka nyuma kuja mbele, kama moto unaomwagiwa maji. Alikuwa mwalimu. Na katika mkono ulioinuliwa alishika jani la isale.

Kwa msomaji wa mbali, isale ni mmea wa majani marefu ambao kwetu husimama mipakani na makaburini, na jani lake likifungwa fundo na kupelekwa kwa uliyemkosea, hawezi kulikataa. Hata aliyebatizwa vizuri namna gani haligeuzii jani hilo mgongo. Watu walimpisha. Alipita katikati ya kimya ambacho yeye hakuwa na haja ya kukisikia, akafika mbele, akamtazama mzee wa kanisa. "Sinunui jogoo," akasema. "Naomba nafasi."

Akageuka kutukabili, na ukungu haukuwepo asubuhi hiyo; kila uso ulikuwa juani.

"Masikio yangu yametangulia," akasema. "Yamekufa kabla yangu, nami sikuwatangazia msiba huo, ndiyo maana mnanishangaa." Mtu mmoja alicheka akajizuia. Mwalimu akamwona. "Cheka tu, mzee, nimekuona. Mkiniita kwa nyuma, sisikii. Mkigonga mlango, sisikii. Mtoto akiinama kunisalimia, sisikii. Najibu marahaba kwa sababu watoto wetu wana adabu na huanza na shikamoo. Nasoma midomo yenu. Kwenye ukungu hakuna mdomo."

Halafu akamtafuta yule binti kwa macho, akamwona kando ya mama yake, akaenda akamkabidhi isale. Akamwambia kwamba siku ile alimjibu jambo ambalo hakulisikia, na kwamba anaomba aambiwe tena. Binti akamtazama mama yake. Mjane yule, ambaye alikuwa na haki kuliko wote ya kukataa, alilitazama jani mkononi mwa mwanawe, kisha akaitikia kwa kichwa. Binti akainamisha uso, akaanza kusema. Mwalimu akamwinua kidevu kwa kidole kimoja.

"Bibi," binti akasema, "baba amefariki."

"Oo, mwanangu," akasema mwalimu. "Pole. Pole sana. Alifariki lini?"

Na binti akamweleza. Pale pale, mbele yetu wote, akamweleza tangu mwanzo kama habari ya leo, homa ilivyoanza, gari lilivyokwama Kwa Sadala, walivyofika hospitali, mama alivyomshika mkono; na mwalimu akasikiliza kwa macho, hakupepesa, akitia "pole" kila mahali pake, mahali ambapo siku ile aliweka "marahaba" na "vizuri" na "msalimie." Ilikuwa kama kumtazama mtu anayerudi ndani ya siku iliyokwisha na kubadilisha maneno yake moja moja. Jogoo alimponyoka mzee wa kanisa, akaenda zake kati ya miguu ya watu, na hakuna aliyemkimbiza.

Dar walijua kabla ya jioni, kama alivyotabiri. Mwanawe alifika wiki hiyo na gari, kiti cha mbele kimewekewa mto. Hakuwa mtu mbaya; aliogopa moto, aliogopa wezi, aliogopa mama yake kuanguka akiita wasiomsikia na kuitwa asisikie. Aliyemjibu ni yule mjane. Alimwambia kwamba binti yake atapita asubuhi na jioni, na akamwonyesha kamba waliyoifunga tayari, kutoka mlango wa nje hadi jikoni, yenye kitambaa chekundu mwishoni: ukivuta nje, kitambaa kinacheza mbele ya macho ya bibi ndani. Mwanawe aliivuta, akavuta tena, kama mtoto. Halafu alimwona mama yake na binti wakizungumza kutoka pande mbili za uwanja, midomo inacheza, hakuna sauti inayotoka, na wote wawili wanacheka. Alirudi Dar na mkungu wa ndizi kwenye kile kiti cha mbele.

Sitawadanganya kwamba yote yalinyooka. Wapo waliobaki wakimpita kwa mbali, na wapo waliomkaribia mno, wakimfokea sikioni mpaka akawaambia yeye si ng'ombe. Binti alimsindikiza Moshi, akahakikisha daktari anamtazama usoni, wakarudi na kifaa cha masikioni ambacho mwalimu alikivaa siku moja, akalalamika kwamba kinamletea ng'ombe tu na hakimletei watu, akakiweka kwenye kopo la chai kwa ajili ya Jumapili. Shangazi alianza kunywa maziwa yale tena bila kutoa maelezo. Na maji hayakukoma. Kila nilipopanda nilimuuliza, naye alinijibu kwamba yanapita, yanapita, ila sasa yanapita tu.

Jumamosi tulimzika kihambani, kati ya mume wake na mtoto yule wa siku chache. Wakati wa kuaga, watoto wa kitongoji walipita kwenye jeneza. Sisi tumelelewa kupita mbele ya maiti tumeinamisha vichwa. Wao walisimama mmoja mmoja pale penye uso, wakaangalia penye mwanga, wakainua videvu, wakasema shikamoo kwa midomo bila sauti, kwa sababu kwake sauti haikuwa na kazi. Uwanja mzima ulikuwa kimya, midomo midogo inafunguka na kufungika. Nilijikuta nasubiri. Nadhani wengi walisubiri. Mbele yangu mzee wa kanisa aliinamisha kichwa upande mmoja, kama mtu anayetega sikio.

Nilipoondoka, binti alinisindikiza. Ukungu ulikuwa umeshuka. Tulipofika kwenye mfongo nilisimama, maana nilisikia maji. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, lakini mfongo ule ulibomoka kule juu zamani na hakuna mvua inayoujaza. Chini palikuwa na majani yale yale. Na maji yalikuwa yanapita, si mbali, yanapita taratibu kama yanayojua njia. Huenda ni uchovu, huenda ni kulia. Huenda ni mwanzo wa kitu, na nimeshapanga kwenda kupimwa. Nilifikiria kunyamaza. Ni rahisi sana kunyamaza. Unajibu "nzuri," unasema "msalimie," unaendelea na njia, na hivyo ndivyo mtu mwema anavyogeuka zimwi machoni pa majirani zake na majirani wanavyogeuka mazimwi machoni pake. Alichonifundisha mama yule si ujasiri wa kusimama mbele ya watu. Huo ulikuja baadaye. Alinifundisha hatua iliyo kabla yake, ndogo na ngumu: kumgeukia mtu mmoja, yeyote aliye karibu, na kumuuliza kama naye anasikia. Basi nikamgeukia binti, nikauinua uso wangu ili auone.

"Unasikia maji?"

Alitega sikio kwa muda mrefu, kwa heshima, kama nilivyofanya mimi siku ile. "Hapana, dada," akasema. "Ni mkavu."

Akanishika mkono. Tukashuka pamoja, mimi nikisikia maji, yeye hasikii, na sikuogopa.